Wahabu Hakulewa

Wahabu alikufa Jumanne saa nne asubuhi, na kufikia saa kumi jioni alikuwa ameshafanywa mlevi.

Habari ya kifo ilifika Koboko kwanza, ikiletwa na mtu wa boda kutoka Ludara ambaye hakuzima hata pikipiki. Habari ya ulevi ilifuata kwa simu, nayo ilikimbia kuliko maiti yenyewe. Mwili ulipoingizwa uani, umefunikwa turubai, wanawake walikuwa tayari wanatazamana pembeni mwa macho.

Mkewe, Hasifa, aliyasikia maneno hayo akiwa ameketi kwenye mkeka, na mwanzoni alidhani anasemwa mtu mwingine. Wahabu? Mwanamume ambaye hakula ndizi iliyoiva kupita kiasi kwa sababu, alisema, inanuka kilabu? Aliyekuwa akinusa kila chupa ya soda kwenye harusi za watu kabla ya kuitia mdomoni? Wanubi wenzake wa Koboko walimcheka miaka yote kwa tabia hiyo. Sasa walewale waliomcheka walikuwa wanaguna na kusema, "Mwanadamu hajulikani."

Kaka yake mkubwa, Fadhul, mtu wa safu ya mbele msikitini, alikuja hadi mlango wa chumba alimolazwa marehemu. Akasimama hapo, kanzu ameikusanya mkononi kama mtu anayevuka tope.

"Tafuteni watu wengine wamwoshe," alisema. "Mimi siwezi kutia mkono kwenye mwili unaonuka pombe."

"Umeunusa?" Hasifa akamuuliza.

"Nimepigiwa simu na injinia wa kazini kwake mwenyewe."

"Shemeji, sikukuuliza nani kapiga simu. Nimekuuliza, umeunusa?"

Fadhul aligeuka akaenda zake, na Wahabu akaoshwa na wazee wawili wasiokuwa ndugu zake, akazikwa kabla ya magharibi, na safu za sala ya jeneza zikawa chache hata aibu ikaonekana kwa macho. Hasifa hakulia. Machozi yalimkauka pale pale, yakaacha kitu kingine mahali pake, kigumu, kisicho na jina bado.

Akaingia eda. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani ya nyumba ile ya vyumba viwili, na cherehani yake imefunikwa shuka. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa kushona mahema ya harusi na maturubai ya malori. Koboko nzima ilijua kwamba mshono wa Hasifa haufumuki hata gari zima livutwe nao. Sasa hakuwa na la kufanya ila kufikiri, naye alifikiri juu ya mashine iliyomuua mumewe.

Aliijua mashine hiyo vizuri, kwa sababu Wahabu alikuwa amemweleza kwa vikombe na uzi juu ya meza. Puto kubwa kama nyumba linajazwa gesi nyepesi, linapaa mita mia mbili, na kamba nne nene zinalishikilia lisiondoke. Chini ya tumbo lake kuna kapi. Kwenye kapi unapita waya mnene, ncha moja iko kwenye winchi ardhini, ncha nyingine imefungwa sanduku la chuma lililojaa mchanga, tani nzima. Mchana jua linatoa umeme kwenye paneli, umeme unazungusha winchi, sanduku linapanda. Jua likizama, sanduku linateremka polepole kwa uzito wake, linazungusha winchi kinyumenyume, na winchi inazaa umeme.

"Yaani mmelipandisha jua mbinguni, kisha mnaliteremsha wakati wa giza," Hasifa alikuwa amemwambia.

"Si jua, ni mchanga tu," Wahabu akacheka. "Taa za vibanda thelathini, saa mbili na ushee. Lakini mchanga hauharibiki kama betri, Hasifa. Mchanga hauzeeki."

Alikuwa fundi wa mashine za kusaga, na kazi ile ya winchi pale Ludara ilimpa furaha kama ya mtu aliyeoa tena. Mkuu wa mradi alikuwa injinia Celestino, Mlugbara wa Arua, mtu mwenye suti na maneno matamu, aliyependa kusimama chini ya sanduku la mchanga likiwa juu na kupigwa picha.

Kilichotokea Jumanne ile, Hasifa alikipata mwezi wa pili wa eda, kwa mwanamke aliyeitwa Agnes Keji. Keji alikuwa Mkakwa wa Ludara, muuza chai karibu na uzio wa mradi. Alikuja na kuku mkononi na pole mdomoni, akakaa, akanywa maji. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha soko:

"Mama, mimi nataka kuambia wewe kitu, halafu wewe nafanya nayo vile nataka. Hiyo mutu, bwana yako, hakukunywa. Asubuhi alikunywa chai yangu, ya maziwa, vikombe mbili. Na breki iko imefungwa."

"Breki gani?"

"Ile ya kukamata mashine kama inakimbia. Ilikuwa inakamata-kamata kila saa, wageni wanacheka. Asubuhi Celestino akachukua waya akafunga, na mukono yake mwenyewe. Mimi nilikuwa naosha vikombe, naona. Wageni wakachelewa kwa ndege yao, wanataka kuona sanduku nashuka mbio. Celestino akasema, toa gia, teremsha na mukono. Bwana yako akakataa. Akasema, injinia, fungua waya kwanza. Celestino akasema, unaniaibisha mbele ya watu? Basi akashika ule mukono wa chuma..." Keji akatazama chini. "Ikakimbia. Ikampiga kifua. Na watu wakiwa wanalia, Celestino akakuja na koleo, akakata ule waya, akatia mufukoni."

Hasifa akamshika mkono. "Uliyasema haya kwa nani?"

"Kwa polisi. Wakaniuliza, wewe ni injinia? Nikasema, mimi napika chai. Basi wakafunga kitabu."

Siku ile kile kitu kigumu kifuani mwa Hasifa kikapata jina.

Eda ilipokwisha, mradi ulikuwa umehama Ludara. Ulikuwa unajengwa upya Pajulu, nje kidogo ya mji wa Arua, puto kubwa zaidi, na redio za Arua zilikuwa zinautangaza kila kukicha. Tena zilitangaza kwamba anatafutwa fundi mshonaji wa turubai nzito, atakayeshona koti la puto, lile vazi la nje linaloikinga mifuko ya gesi na jua. Hasifa aliisikia habari hiyo akiwa anachagua mchele. Akauacha ungo pale pale, akaenda kufungasha.

Celestino hakumjua. Angemjuaje? Hakufika mazikoni, hakutuma hata mtu. Mbele yake alisimama mwanamke wa Kinubi mwenye mtandio mweusi, aliyejitaja kwa jina la mama yake, Zuhurah. Celestino alimpa kipande cha turubai ashone, akakivuta kwa nguvu zote, akampa mtu mwingine ncha ya pili avute pia. Uzi haukulegea.

"Mama Zuhurah," akasema, "una mkono! Ulikuwa umejificha wapi?"

"Nilikuwa ndani ya nyumba, injinia."

"Karibu kazini."

Alikuwa na tabasamu zuri, Celestino, na hilo ndilo lililomchoma Hasifa zaidi. Alikuwa amemtarajia mtu mwenye sura ya mwuaji. Huyu alikuwa anauliza wafanyakazi hali za watoto wao, anakumbuka nani anaumwa. Hasifa alimtazama akila mihogo na vibarua kwa mkono, akajiambia: na wewe unalala, unaamka, unakula, na mume wangu ni mlevi kwenye karatasi yako.

Siku ya tatu alikwenda kwenye winchi akijifanya anapima mfuniko wake. Breki aliyoitaja Keji ilikuwa ubavuni mwa ngoma ya waya, na ulimi wake wa chuma ulikuwa umevutwa nyuma na kufungwa kwa waya mwembamba, mizunguko mitano, umekazwa kwa koleo. Hasifa alisimama akiutazama waya ule kama mtu anayetazama nyoka kwenye kitanda cha mtoto. Mtu ameua kwa waya, kisha akaenda akanunua waya mwingine.

Shauri lake la kwanza lilikuwa jepesi. Sanduku la mchanga lingening'inia kwa mikanda minne ya nailoni, na mikanda hiyo alipewa yeye aishone. Celestino alikuwa bado na mchezo wake wa kusimama chini ya sanduku kwa ajili ya picha. Mshono mmoja wa uongo, wenye sura ya ukweli, ungetosha. Hasifa aliukata mkanda wa kwanza, akaupiga mshono huo, akautazama, akaona ni mzuri.

Ilikuwa saa sita mchana, wenzake wamekwenda kula. Alikaa na mkanda ule mapajani akamwona Celestino amelala chini ya tani ya mchanga. Akaona na yaliyofuata: kanisa limejaa, maua, wakubwa wamekaa mbele, mtu anasoma wasifu wake kwenye kipaza sauti, injinia aliyekufa akiwaletea watu wake mwanga. Wangempa jina la barabara. Na Wahabu je? Wahabu angebaki kule Koboko, mlevi aliyezikwa na safu tatu za watu.

"La," alisema peke yake kwa sauti. "Wewe hufi. Wewe utaishi, tena utaishi sana."

Akaufumua mshono wa uongo, akaupiga wa kweli, mara mbili.

Shauri la pili lilimjia kupitia kitambaa. Celestino alileta bango jeupe, refu kama mabasi matatu, lenye jina la mradi kwa rangi ya buluu, akamwagiza alishonee tumboni mwa koti la puto ili lionekane hadi Arua mjini. Hasifa alilipima bango. Akaupima na mwili wa puto chini yake. Halafu akaenda sokoni akanunua maturubai meusi ya mahema makuukuu.

Jumapili wote walikwenda kanisani, na ufunguo wa banda la kushonea ulikuwa kwake. Jumapili nne mfululizo alifungua banda asubuhi, akatandaza turubai jeusi sakafuni, akakata herufi. Kila herufi ilikuwa na kimo cha mlango. Alizichora kwa chaki kwanza, kwa hati ya shule ya msingi, nyofu, isiyo na madaha, kisha akazikata na kuzishonea kwenye koti lenyewe kwa uzi wa nailoni, mshono wa kufa na kuzikana. Alichagua Kiswahili, kwa sababu Arua ina lugha nyingi, lakini hiyo ndiyo kila mtu anaisikia, aliyejifunza sokoni na aliyejifunza kambini. Juu ya herufi akatandaza bango la mradi, akalishikiza kwa uzi wa pamba, hatua ndefu ndefu, kama mtu anayeshikiza nguo ya kupima. Ukingo wa juu aliuacha wazi, mdomo wa upepo.

Jumapili ya nne, mlango ukafunguliwa. Akaingia Afedra.

Afedra ndiye aliyekuwa mwendesha winchi sasa. Ludara alikuwa msaidizi wa Wahabu. Kijana mzima wa miaka thelathini, mpole, mwenye watoto watatu, anayemwogopa Celestino kama radi. Alisimama, akasoma herufi zilizokuwa bado hazijafunikwa, midomo ikicheza.

"Nilijua," akasema. "Siku ya kwanza nilijua. Wahabu alikuwa na picha yako kwa simu." Akafunga mlango nyuma yake. "Mama, mimi nilikuwa pale. Nilisikia anasema fungua waya. Nikanyamaza. Polisi wakauliza mimi, nikasema sikuona. Mimi iko na watoto."

"Na yeye alikuwa na mke," Hasifa akasema, na hakuacha kushona.

"Nisamehe."

"Sina msamaha hapa, Afedra, nina uzi tu. Unakwenda kumwambia?"

"Siendi."

"Basi nisikilize. Siku ya wageni, mtu huyo akiona haya, atataka puto lishuke papo hapo. Na puto haliwezi kushuka kabla ya sanduku. Atakwambia nini?"

Afedra alifikiri, kisha uso wake ukabadilika rangi. "Atasema toa gia. Teremsha na mkono."

"Mimi sikuombi ushahidi. Ukumbuke tu aliyeshika mkono ule kabla yako."

Siku ya wageni ilikuwa Alhamisi ya mwisho wa Februari, kiangazi kimekauka, anga jeupe kwa vumbi. Puto lilipandishwa saa mbili asubuhi, limenona, linang'aa, bango la buluu tumboni limenyooka. Jua likakaza, winchi ikaanza kuvuta, sanduku likapanda taratibu hadi likawa dogo kama kiberiti. Watu wa Pajulu walijaa, wengine walikuja kwa boda kutoka Adumi. Wageni wakafika saa tano, wa mradi, wa serikali, wa redio, wakakaa chini ya hema. Mwenyekiti wa kijiji akawakaribisha. Celestino akachukua kipaza sauti.

Hasifa alisimama nyuma ya wapishi, macho juu. Hapakuwa na upepo. Bango lilikaa vilevile, tulivu, kama limepigwa pasi. Celestino alieleza habari za jua na mchanga, watu wakapiga makofi. Bango halikutikisika. Hasifa akaanza kuilaani mikono yake mwenyewe, ambayo hata kushikiza imeshikiza vizuri mno.

"Na katika kazi hii," Celestino akasema, "tumekumbana na majaribu. Kule Ludara tulimpoteza mfanyakazi, kwa bahati mbaya, kwa sababu ya pombe. Nawaomba vijana wetu, pombe ni adui wa maendeleo..."

Hasifa alisikia damu inampiga masikioni. Akasema moyoni, Ya Rabi, upepo. Upepo tu, sikuombi kingine.

Ulikuja kutoka kaskazini, wa kwanza mwembamba, ukainua vumbi miguuni mwa watu. Wa pili ukaingia kwenye mdomo wa bango. Bango likavimba. Uzi wa pamba ukaanza kukatika, mmoja, mmoja, kisha yote kwa pamoja, na kitambaa cheupe kikachomoka, kikapeperuka kuelekea Arua kama shuka iliyoponyoka kwenye kamba. Chini yake, nyeusi, kubwa, zikakaa herufi:

WAHABU HAKULEWA
CELESTINO ALIFUNGA BREKI

Celestino alikuwa ameligeuzia puto mgongo. Aliona kwanza nyuso za wageni, zikiinuka. Akaona simu zikiinuka. Akasikia watu wakisoma kwa sauti, walioweza wakiwasomea wasioweza, na jina lake likipita mdomo hadi mdomo. Ndipo akageuka.

Alisahau kwamba kipaza sauti kiko mkononi na kinafanya kazi. "Teremsha!" sauti yake ikapiga kwenye spika zote nne. "Afedra! Toa gia! Teremsha kwa mkono, sasa hivi!"

Afedra alikuwa kwenye winchi. Akarudi nyuma hatua moja.

"Injinia, waya kwanza."

"Nimesema teremsha!"

"Fungua waya kwanza. Mimi siwezi. Hivi hivi ndiyo alikufa Wahabu."

Mwenyekiti wa kijiji, mzee mnene asiyependa vurugu, akasimama chini ya hema. "Waya gani huo?" akauliza.

Hasifa alikuwa ameshatoka nyuma ya wapishi, anatembea katikati ya uwanja, na kwa namna alivyotembea watu wakampisha. Akafika mbele ya Celestino akashusha mtandio mabegani.

"Mimi siitwi Zuhurah," alisema. "Naitwa Hasifa, mke wa Wahabu. Hukunijua kwa sababu hukuja kuzika."

Celestino akatazama juu tena, kwenye zile herufi.

"Unataka maneno yale yashuke? Ni haki yako. Kijana amekataa, basi nenda wewe. Simama pale aliposimama yeye. Shika mkono ule wa chuma. Toa gia, teremsha."

"Mama, haya tuyazungumze kando—"

"Nenda."

Alikwenda. Pengine alidhani watu watamwona jasiri. Pengine miguu ilimpeleka tu. Alisimama ubavuni mwa winchi, akashika mkono wa chuma, akatazama juu kwenye kile kiberiti kilichoning'inia angani na tani yake ya mchanga. Jasho lilimtoka, likapita kwenye kola ya shati. Hasifa alikuwa amesogea, umbali wa hatua tatu.

"Vuta," akamwambia, kwa upole kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Naye alitaka avute. Hakuna kitu alichowahi kukitaka namna ile tangu azaliwe. "Vuta, injinia. Si ulimwambia mume wangu haina neno?"

Mkono wa Celestino ukaachia chuma. "Siwezi," akasema.

"Kwa nini?"

"Itakimbia."

"Kwa nini itakimbia?"

Hasifa akanyoosha kidole kwenye mkono wake wa pili. "Kipaza sauti bado umekishika. Sema watu wasikie. Kwa nini itakimbia?"

Wengi baadaye walisimulia kwamba alipiga kelele, wengine kwamba alilia. Hakufanya hayo. Alisema kwa sauti ndogo, na spika ndizo zilizoikuza hadi barabarani. "Breki imefungwa."

"Na Ludara?"

"Na Ludara."

Akaketi chini, palepale kwenye changarawe, na suti yake. Hasifa alimtazama akiwa amekaa hivyo. Alikuwa amewaza kwamba siku hiyo ikifika moyo wake utatulia kama maji ya mtungi. Haukutulia. Alitamani angekuwa na maswali mengine mia ya kumuuliza.

Polisi walipofika waliwachukua wote wawili, mmoja kwa kosa la kuharibu mali ya mradi, mwingine kwa lake. Kisha wakakataza mtu yeyote asiguse winchi mpaka mtaalamu kutoka Kampala aje aone waya kwa macho yake. Mtaalamu alikawia siku nne. Siku nne Arua nzima ilisoma, waliokuwa sokoni, waliokuwa juu ya mapaa wakipiga bati, hata wagonjwa walitolewa nje na viti wakasome. Mtu wa redio alisema hewani kwamba Wahabu sasa anajulikana kuliko mbunge.

Agnes Keji alitoka Ludara kwa boda akaandikisha tena ushahidi wake, na safari hii hakuna aliyemuuliza kama yeye ni injinia. Afedra aliandikisha wake. Hasifa akaachiwa siku ya pili. Celestino alifukuzwa kazi, akafunguliwa kesi ambayo ilianza kujikokota kama kesi nyingine zote, na watu waliomwona mjini walisema anapita njia za nyuma. Mradi ukatoa ripoti mpya yenye mhuri: marehemu hakuwa amekunywa kileo, marehemu alikataa amri ya hatari kabla ya kulazimishwa.

Hasifa aliikunja ripoti hiyo akarudi nayo Koboko, na huko akakuta Fadhul amechinja.

Kaka wa marehemu alikuwa amealika msikiti mzima kwenye khitma ya ndugu yake. Turubai zilikuwa zimetandazwa uani, sufuria za pilau tatu, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Qur'ani ilisomwa, dua ikaombwa. Kisha Fadhul akasimama, kanzu mpya, sauti nzito.

"Ndugu zangu, mdogo wangu alidhulumiwa," akaanza. "Yule kafiri wa Arua alimpaka matope mtu msafi. Lakini Mwenyezi Mungu halali, amelisafisha jina la familia yetu..."

"Shemeji."

Hasifa alikuwa amesimama upande wa wanawake. Si desturi, na minong'ono ikaanza, lakini hakuketi.

"Waambie na nani alikataa kumwosha," akasema.

Fadhul akageuka pole pole. "Hasifa, hapa si mahali pake."

"Ndipo mahali pake. Celestino alisema uongo kwa sababu alikuwa anaogopa jela. Wewe ulikuwa unaogopa nini? Mtoto mliyelala naye mkeka mmoja, unayemjua tangu ananyonya. Ulisimama mlangoni, hatua mbili kutoka kwake, ukashindwa kuinama unuse."

Fadhul alitazama watu wa safu yake, na watu wa safu yake wakatazama mkeka, kwa sababu wengi wao nao hawakuja kuzika. Uso wa mzee yule ukakunjamana. Akafunika macho kwa kiganja.

"Nilipewa habari," akasema. "Niliamini. Nisamehe, mke wa ndugu yangu. Niambie nifanye nini, nitafanya."

Wanawake wawili walimvuta Hasifa nguo, msamehe, msamehe, mwanamume mzima analia. Alimtafuta ndani ya moyo wake mtu wa kumsamehe Fadhul, akamkosa.

"Hakuna cha kufanya," akamwambia. "Maiti huoshwa mara moja."

Akaipeleka ripoti kwa imamu, akaiweka mikononi mwake aisome mbele ya wote, naye akatoka nje kabla haijaisha kusomwa. Chakula hakukigusa. Alisimamisha boda barabarani, akasema Ludara.

Keji alikuwa anaosha vikombe. Pale ulipokuwa uzio wa mradi palibaki nguzo mbili na nyasi zilizoanza kuota. Alimwona Hasifa anateremka, akafuta mikono kwenye kanga.

"Nasikia leo iko karamu kwa shemeji yako," akasema. "Wewe hukukula huko?"

"Sikula."

Keji aliingia jikoni akatoka na ugali wa muhogo unaofuka na majani ya kunde yaliyotiwa simsim, akaweka maji ya kunawa. Hasifa akanawa, akamega tonge la kwanza, la pili, la tatu, akala kama mtu aliyetoka shamba, na Keji akaenda kumwongezea.